Mama Perusi Aliposikia Yowe

Asubuhi ile nilimkasirikia Mama Perusi kiasi kwamba sikumpa hata shikamoo. Tulikuwa mwaloni, kwenye soko la dagaa la ufukweni hapa Mwanza, lori linapakiwa, magunia yangu manane ya dagaa bado yako chini, na dereva ameshapiga honi mara mbili. Nikamtafuta kila mahali. Nikamkuta nyuma ya vibanda vya mama lishe, amechuchumaa, anamwosha mguu mchukuzi mmoja aliyekanyaga msumari. Alikuwa na maji moto ya chumvi kwenye sufuria ya kuazima, na kitambaa alichokichana kwenye upindo wa gauni lake mwenyewe.

"Mama, lori linatuacha."

"Haliwezi kutuacha, lina mzigo wako," alisema bila kuinua uso. "Mshike huyu bega, anatetemeka."

"Kwani tunamjua?"

"Sasa tunamjua. Anaitwa Shija."

Nilimshika Shija bega. Nilimshika kwa hasira, lakini nilimshika.

Huyo ndiye Mama Perusi. Perusi ni jina lake la ubatizo, Mama ni heshima yetu sisi wengine. Alikuwa mjane wa Mkolani, miaka sitini na mitatu wakati huo, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka utadhani ameacha chungu motoni. Kanisani kwao aliongoza akina mama wanaotembelea wagonjwa, na tatizo lake ni kwamba hakuwahi kujua kazi hiyo inaisha saa ngapi. Nilimchukua anisaidie kusimamia mzigo safarini kwa sababu hata wezi walimwonea haya. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita, naishi Pasiansi na binti yangu Minza, aliyekuwa na miaka mitano. Kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi na Pasaka, na Pasaka yenyewe kama mvua haijanyesha.

Kabla sijaendelea niungame jambo, maana mbele litarudi. Dagaa wakianikwa juu ya chanja wanakauka safi, wanang'aa. Wakianikwa chini ufukweni wanabeba mchanga, na hao huuzwa kuwa chakula cha kuku. Msimu ule mvua zilikuwa nyingi, chanja hazikutosha, nami nikafanya ujanja. Nilijaza magunia dagaa wa mchangani, halafu juu nikafunika na wa chanja. Mama Perusi aliniona. Alinitazama tu, nami nikageukia upande wa pili nikajifanya natafuta kamba.

Mzigo tulikuwa tukiupeleka mji mmoja wa mashariki ya Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wa nchi tunayoipitia njiani. Jina la mji silitaji, waliobaki huko wana shida za kutosha bila mimi kuwaongezea. Tulipanga chumba na stoo kwa Papa Dezire, mwanamume wa makamo, mnene, ambaye neno lake la kwanza kwa lolote lilikuwa hapana. Ukimwomba ndoo ya maji anasema hapana, na baada ya dakika tano analeta mbili. Aliishi na mama yake mzazi, bikizee aliyepooza upande mmoja. Tulimwita Koko, kama wenyeji wanavyowaita mabibi zao.

Mteja wangu mkubwa alikuwa Riziki, muuza mkaa na dagaa wa mtaa uleule, mwenye ulimi mkali kama wangu. Wenye ndimi kali hawapendani. Siku ya tatu tangu tufike, alikuja na gunia kichwani akalimwaga lote mbele ya geti, watu wakiwa wamejaa barabarani.

"Mama wa Mwanza! Dagaa juu, muchanga chini! Sisi tuko kuku?"

Watu waliangua kicheko. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, hasa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki. Aliondoka akiapa kwamba hatakanyaga tena ua ule maisha yake yote. Na kweli hakuukanyaga. Mara iliyofuata aliingia amebebwa.

*

Nilikuwa nikidhani vita ina dakika yake ya kuanza, kwamba mtu anajua kabisa kuwa sasa imeanza. Sivyo ilivyokuwa. Kwanza umeme ulikatika. Kesho yake watoto wakarudishwa nyumbani kabla ya saa nne. Halafu wanajeshi waliokuwa wakienda upande wa milimani wakaanza kurudi, wachache wachache, wengine bila viatu, na hawakumtazama mtu usoni. Niliwaona nikiwa napiga mswaki getini. Nilimaliza kupiga mswaki.

Mchana huo milio ya bunduki ikaingia mjini.

Tulilala kwenye ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, mahali pasipo na dirisha: Koko juu ya godoro, sisi watatu sakafuni. Tulikaa hapo siku tatu. Maji yalikuwa ndoo moja na nusu. Chakula kilichokuwemo ndani ya nyumba kiliisha siku ya kwanza, vikabaki vitu viwili, unga kidogo wa muhogo na magunia yangu.

Kwa hiyo tukala dagaa wa mchangani. Maji ya kuwaosha hayakuwepo. Papa Dezire alitafuna, akasimamisha taya, akatoa kijiwe mdomoni na kukiweka kiganjani.

"Mama Minza," aliniuliza kwa upole, "hii ni dagaa ao ni barabara?"

Nilicheka. Risasi zinapita juu ya mabati, nimelala kifudifudi, na nilicheka mpaka machozi. Koko naye alicheka kwa upande mmoja wa uso.

"Safari ingine," Papa Dezire alisema, "uniletee yenye haina muchanga."

"Nitakuletea, Papa. Naapa."

Kichwani mwangu lilikuwepo jambo moja tu: Minza. Niliishi kwa hesabu ya saa. Sasa dada yangu anamwogesha. Sasa anakula uji. Simu hazikushika, kwa hiyo kule Pasiansi hawakujua kama niko hai, na nilijua dada yangu anamdanganya mtoto kuwa mama yuko njiani.

Siku ya pili alasiri milio ilipungua. Ndipo tukasikia yowe.

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu Usukumani yowe lina sheria yake, na tunaliita mwano. Likipigwa, anayelima anaacha jembe, anayekula anaacha sahani, na hakuna anayeuliza ni la nani. Asiyetokea, kesho yake kijiji kinamtenga. Haazimwi moto, hasalimiwi, mpaka atoe faini na kuomba radhi. Mama Perusi alikulia Misungwi ndani ya sheria hiyo, nami pia. Sheria hiyo ikikukuta utotoni, mwili ndio unaotangulia, akili inakuja kukuta mguu uko njiani.

Mji ule ulikuwa umejifunza sheria nyingine kwa miaka mingi ya taabu. Yowe likipigwa, unafunga mlango. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamezika wengi waliotoka.

Tulisikia makomeo ya majirani yakiingia, moja baada ya jingine. Na palepale Mama Perusi alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge kiunoni.

"Mama! Hapa si Misungwi!"

Hakugeuka.

"Hapana!" Papa Dezire alimkimbilia. "Kutoka hapana! Geti sifungui!"

Akalifungua.

Mimi pia mwili uliniinua. Nilifika getini, nikashika nguzo, nikasimama hapo. Sikutoka. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa nikitafuta namna nzuri zaidi ya kuisema, sijaiona.

Barabara ilikuwa tupu na nyeupe kwa jua.

Mwanamke alikuwa amelala kwenye mtaro, hatua kama arobaini kutoka getini. Mama Perusi alikwenda ameinama, mkono mmoja mbele, kama mtu anayepita mbele ya wazee.

Risasi mbili. Ukuta wa mbele ukatoa vumbi.

Alimshika mwanamke kwapani akaanza kumkokota kinyumenyume. Hakuweza. Alikuwa na miaka sitini na mitatu na hana nyama mwilini.

"Hapana, hapana, hapana," Papa Dezire alisema pembeni yangu, na huku anasema akatoka. Mtu mnene vile, alikimbia. Walimbeba wawili.

Nilifunga geti nyuma yao. Hiyo niliiweza.

Tulipomgeuza tulimtambua Riziki. Alikuwa ametoka kutafuta maji. Risasi ilikuwa imepita kwenye paja la kulia. Alifumbua macho, akaniona niko juu yake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Maskini mimi," alisema, akafumba tena.

Mama Perusi alifunga paja kwa kitenge chake, akakaza kwa mwiko wa ugali, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi kama alivyomwosha yule mchukuzi mwaloni. Halafu aliomba. Sala zake hazikuwa na mapambo, zilikuwa kama mtu anayempa mgeni maelekezo ya njia: "Baba, huyu ni Riziki. Anauza mkaa. Ni paja la kulia, juu kidogo ya goti. Tumefunga kwa juu na damu imepungua. Sisi hapa ndipo tulipofikia."

Nilimlisha Riziki dagaa waliopondwa kwenye maji, vijiko vitatu. Alitafuna, nikausikia mchanga kwenye meno yake. Nilimwambia nisamehe. Sikumwambia kwa sababu ya vita, nilimwambia kwa sababu ya mchanga.

"Muchanga yako inanifuata mpaka mu kifo," alisema. Kisha akacheka, na kicheko kikamuuma, akanitukana.

*

Siku ya nne asubuhi pakawa kimya. Redio ya jirani ilisema mpaka umefunguliwa kwa saa chache, kwa waendao kwa miguu tu. Kutoka kwetu hadi mpakani ni mwendo wa saa moja kama njia ni salama. Mguu wa Riziki ulikuwa umevimba na yeye alikuwa na homa. Hakuweza kukanyaga.

Nilimwambia Mama Perusi twende.

"Huyu nimwachie nani?" aliuliza. Haikuwa lawama, alikuwa anauliza kweli, kama kuna mtu nimemwona.

"Papa Dezire yupo."

"Papa Dezire ana Koko." Alinishika mkono. "Nenda, mwanangu. Una mtoto mdogo. Mimi wangu wameshazaa. Nenda na amani kabisa, sikuwekei neno moyoni."

Ningependa angenigombeza, ningepata cha kumjibu. Nilichukua kimfuko changu nikatoka bila kumuaga. Nilijua nikifungua mdomo nitalia, na nikilia sitakwenda.

Njia yote nilisema, Minza, Minza, Minza. Nilifika. Foleni ilikuwa ndefu lakini inatembea, watu kimya, wameshika watoto na magodoro. Kizuizi nilikiona kwa macho. Ng'ambo yake niliona basi la buluu, na mtu anakula muhogo wa kuchoma kama vile dunia haina neno.

Nikiwa hapo nilianza kutunga sentensi nitakayowaambia watoto wa Mama Perusi kule Mkolani. Nitafika, watanikaribisha kiti, mkubwa wao ataniamkia, halafu ataniuliza mama yuko wapi. Nilijaribu: Mimi nilimwambia tuondoke. Nikajaribu nyingine: Mimi nina mtoto mdogo. Nyingine: Mimi ningefanyaje? Kila moja ilianza na mimi. Nilisogea hatua sita mbele na bado sikuwa na sentensi ya kumpa mtoto wa mtu.

Nyuma ya foleni, mbali, alikuja kijana mmoja mwanamume na mkewe mjamzito, wanasukuma chukudu. Hiyo ni kama baiskeli ya mbao, haina pedali wala mnyororo, ina ubao mpana wa kubebea mizigo, na mji mzima ule umejengwa juu yake. Yao ilikuwa tupu. Kizuizini vyombo haviruhusiwi, na wao walikuwa watu wa mwisho.

Nilitoka kwenye mstari, nikawaendea.

"Nipe hiyo chukudu," nilimwambia, "nikupe nafasi yangu. Ni pale, nyuma ya yule mama mwenye godoro la kijani."

Alinitazama kama mwendawazimu. Nilikwenda nao mpaka pale, nikamwambia mama wa godoro kuwa hawa ni mimi. Akaelewa, akawasogezea nafasi. Kisha nikageuka.

Sijui kuendesha chukudu. Ilinibwaga mara mbili kabla ya kona ya kwanza. Nilikuwa peke yangu ninayeelekea upande ule, na wote niliopishana nao walinipa njia, nadhani waliniona nina kichaa cha msiba.

Papa Dezire alifungua geti. Mara hii hakusema hapana.

Mama Perusi alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha Riziki kiko mapajani pake. Aliinua uso. Mimi nilikuwa na vumbi hadi kwenye kope, goti linavuja damu, na neno lililotoka kinywani mwangu lilikuwa deni langu tangu mwaloni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekawia."

Ubao wa chukudu ulikuwa mmoja, na watu wasioweza kutembea walikuwa wawili. Hilo sikuwa nimelifikiria, na wote tuliliona kwa pamoja. Papa Dezire alimtazama mama yake.

Koko ndiye aliyesema, kwa ule upande wake mmoja wa mdomo: "Mimi sitoki damu. Mupeleke mutoto wa watu."

Papa Dezire alipiga magoti, akamfunika vizuri, akamwekea maji karibu na mkono unaofanya kazi. Alimwambia atarudi na chukudu ileile. Kisha tukamlaza Riziki juu ya magunia matupu, Papa Dezire akashika usukani, mimi nikasukuma nyuma, Mama Perusi akatembea ubavuni ameshikilia mguu usiyumbe.

Mahali pawili tulisimama tukainama nyuma ya ukuta. Mahali pamoja palikuwa na watu wamelala barabarani ambao hawakuwa wamelala. Mama Perusi alivua kilemba chake akamfunika mmoja uso, tukaendelea.

Kizuizi kilikuwa bado wazi.

Nilikivuka. Nilikaa chini barabarani kama mtoto. Watu wenye machela walimchukua Riziki kwenye chukudu pale kizuizini, mmoja akatazama kile kitenge na mwiko, akauliza nani amefunga. Mama Perusi alidhani anagombezwa, akaanza kuomba radhi. Yule mtu alisema mguu huu utapona kwa sababu ya kitenge hiki. Nilikuwa nalia na kucheka na sikujali anayenitazama. Hewa ilikuwa inanuka muhogo wa kuchoma. Sijawahi kunusa kitu kizuri hivyo.

Kwa upande wake wa kizuizi Papa Dezire alikuwa ameshaigeuza chukudu.

"Papa, subiri kidogo," nilimwambia. "Baki. Sikiliza kwanza hali."

"Hapana," alisema.

Kwa muda wote niliomjua, hiyo ndiyo hapana yake pekee iliyobaki kuwa hapana. Alinitania kuhusu dagaa wake, akampigia Mama Perusi saluti ya mzaha, akaondoka akikimbia, mguu mmoja juu ya ubao.

Haikupita nusu saa, milio ikaanza tena kule upande wa mtaa wetu. Mizito.

Mpaka ulifungwa. Tulikaa pale hadi jua linazama, tukitazama kila kichwa.

Hakuja.

*

Tulishukia stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza, siku tatu baadaye, saa saba mchana. Nililiona ziwa na mawe yake, nikajikuta nayasalimia mawe. Dada yangu alikuwa stendi na Minza. Mtoto alinikagua mikono yote miwili.

"Mama, umeniletea nini?"

"Nimejileta."

Alifikiri kidogo, akaamua kuwa inatosha. Mama Perusi alipanda gari la Mkolani, na niliambiwa kuwa kabla ya kuingia kwake alipita kwanza kwa jirani aliyekuwa mgonjwa alipoondoka, kuuliza kama amepona. Watoto wake walikuwa wanamsubiri mlangoni huku yeye yuko nyumba ya tatu.

Habari za Papa Dezire zilitufikia wiki mbili baadaye. Riziki alipiga simu kutoka hospitalini, amezipata kwa watu wa mtaa. Papa Dezire alikuwa amefika hadi kona ya mwisho, nyumba nne kabla ya geti lake, na hapo ndipo alipoanguka. Koko alimsubiri siku nzima na usiku wake, halafu akapiga yowe kwa ile sauti yake ya nusu. Na jirani wa mbele, yule ambaye komeo lake tulilisikia likiingia siku ya Riziki, alitoka akamchukua. Riziki alipoweza kutembea alirudi na kuhamia kwa Koko. Anakaa naye hadi leo.

Nimepiga hesabu hii mara nyingi. Asubuhi ile nilikwenda mpakani peke yangu na kurudi. Hayo ni masaa mawili na zaidi. Kama ningetoka tangu mwanzo kutafuta chukudu, badala ya kwenda kuokoa ngozi yangu, Papa Dezire angeweza kupeleka wote wawili kabla ya mizinga. Masaa hayo mawili ni yangu. Siku moja nilimwambia Mama Perusi. Alikuwa anachambua mchele.

"Inawezekana," alisema. Hakunipoza kwa uongo. "Na mimi ndiye niliyemfungulisha geti siku ya yowe. Wewe beba hilo lako, nami nibebe langu. Siku likikuzidi, njoo tubebe pamoja."

Kanisani kwao walimwomba atoe ushuhuda. Watu walijaa, hata mimi nilikwenda na haikuwa Pasaka. Alisimama dakika mbili tu. Alisema yeye hana cha kusimulia, alisikia yowe akatoka, wala hakufikiri, ndivyo alivyolelewa. "Lakini yuko mtu aliyefikiri, akaogopa, akasema hapana, kisha akatoka. Anaitwa Dezire. Huyo ndiye wa kumshukuru Mungu kwa ajili yake." Akakaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikienda Mkolani Jumapili, naongozana naye baada ya ibada kwenye nyumba za wagonjwa. Namshika bega anayetetemeka. Kwa kawaida siwi na hasira.

Mwaka huu njia ilitulia, nikapeleka mzigo tena. Sikuenda mwenyewe, nilituma. Dagaa wote ni wa chanja, kuanzia chini ya gunia hadi juu, niliwageuza kwa mikono yangu, na mvua ikija nilikuwa nawaingiza ndani nalala nao. Minza ana miaka kumi sasa, ndiye aliyefunga kamba.

Riziki alipiga simu siku mzigo ulipofika.

"Mama Minza, nimemwaga gunia yote inje mbele ya batu," alisema. "Hakuna muchanga. Hata moja."

Sote tulijua nani alipaswa kuwa anatafuna wakati ule.

"Riziki," nilimwambia, "kabla hujauza, chota sahani moja umpelekee Koko."

"Nilishamupelekea tangu asubui," alisema. "Anakula sasa hivi."